Berserk baada ya Miura: uchambuzi wa hadithi inayoendelezwa na rafiki

Tarehe 24 Juni 2022 jarida la Kijapani la Young Animal lilichapisha sura mpya ya Berserk, ambayo ni manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, na mtunzi wake, Kentaro Miura, alikuwa amefariki zaidi ya mwaka mmoja uliotangulia. Kazi hiyo sasa ilibeba majina matatu: hadithi asilia ni ya Kentaro Miura, michoro ni ya Studio Gaga, msimamizi ni Kouji Mori. Tangu hapo wasomaji wamegawanyika. Wapo waliofunga kitabu kwenye sura ya mwisho aliyoigusa Miura na wameapa kutofungua kingine. Wapo wanaopokea kila sura kwa shukrani, hata iwe na kurasa chache kiasi gani. Na wapo wanaosoma huku roho inawauma, wakilinganisha kila fremu na zile za zamani.

Nimesoma sura hizi mpya zaidi ya mara moja, na hoja za pande zote nimezisikiliza kwa muda mrefu. Naona mabishano mengi yamejikita kwenye michoro, na kwa maoni yangu michoro si pale penye jeraha.

Kwanza, kwa asiyeijua hadithi yenyewe. Berserk ni fantasia ya giza iliyoanza kuchapishwa mwaka 1989, Miura akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mhusika mkuu ni Guts, mtoto aliyezaliwa na mama aliyekwisha kunyongwa mtini, akaokotwa na kulelewa na mamluki. Akiwa kijana anaingia Kundi la Mwewe, jeshi la kukodiwa linaloongozwa na Griffith, mtu mzuri wa sura, mwenye akili kali na ndoto moja tu: kupata ufalme wake mwenyewe. Griffith anakamatwa, anateswa gerezani mwaka mzima hadi mwili wake hauna kazi tena, na anapopewa nafasi ya kuzaliwa upya na nguvu za kuzimu, anawatoa kafara wenzake wote waliompenda. Tukio hilo ndilo wasomaji wanaloliita Kupatwa, kwa sababu jua linafunikwa wakati mapepo yanawala watu. Guts anapoteza mkono na jicho. Casca, mwanamke aliyempenda, anabakwa na Griffith mbele yake na akili inamtoka. Yote yanayofuata, juzuu baada ya juzuu, ni safari ya Guts kati ya kiu ya kulipiza kisasi na wajibu wa kumlinda Casca.

Hadithi hii imeuza zaidi ya nakala milioni 50 duniani, na mwaka 2002 ilipata tuzo katika Tuzo za Utamaduni za Osamu Tezuka, heshima kubwa katika sanaa ya manga. Lakini umaarufu wake hautokani na ukatili, ingawa ukatili umejaa. Unatokana na mkono wa Miura. Alichora kila uzi wa nguo, kila jani, kila ufa kwenye deraya, kwa mistari myembamba iliyopangwa mpaka karatasi inaonekana ina uzito. Gharama yake ilikuwa muda. Miaka mingine zilitoka sura chache sana, na wasomaji walizoea kungoja. Waliomfuata tangu ujana walikuwa wanakaribia utu uzima wa kati bila kujua mwisho.

Tarehe 6 Mei 2021 Miura alifariki kwa kupasuka mshipa mkuu wa moyo, akiwa na miaka 54. Kampuni ya uchapishaji, Hakusensha, ilitoa taarifa wiki mbili baadaye.

Septemba 2021 likatoka jambo lililowaumiza watu upya: sura ya 364, ambayo Miura alikuwa akiifanyia kazi, ikamaliziwa na wasaidizi wake. Naomba niitazame kwa karibu kidogo, maana ndiyo mpaka wa kisa chote. Wahusika wako kwenye kisiwa cha Elfhelm. Casca amepona akili. Mtoto asiyesema, anayewajia usiku wa mbalamwezi, amekaa na Guts na Casca kama mtoto akaavyo na wazazi wake. Kisha usiku unaisha na umbo la mtoto linabadilika, na anayesimama pale ni Griffith, akiwa na machozi usoni. Sura inaishia hapo. Wengi walisema basi, imetosha. Kwao mwandishi aliyeondoka na kuacha adui akilia juu ya familia aliyoiangamiza alikuwa ameacha mwisho unaostahili, hata kama hakuukusudia.

Wenye kauli hiyo nawaelewa, na siwezi kuwaita wakaidi. Lakini kwangu ule si mwisho. Chozi la Griffith ni swali lililotupwa katikati ya hadithi, na Miura hakuwa mtu wa kuuliza swali kama hilo bila kukusudia kulijibu.

Je, jibu liko wapi? Hapa ndipo anapoingia Kouji Mori. Huyu ni mchoraji wa manga kwa haki yake mwenyewe, na alikuwa rafiki wa Miura tangu sekondari. Katika maelezo aliyoyatoa Juni 2022 alisimulia kwamba karibu miaka 30 nyuma Miura alimwita kumtaka ushauri kuhusu sehemu nzito ya hadithi. Wakajifungia takriban wiki nzima wakizungumza, na walipotoka, mkondo wa Berserk hadi mwisho wake ulikuwa umekwisha kupangwa. Miura hakumwambia mtu mwingine mpango huo kikamilifu. Mori akabaki na hadithi kichwani, na mwenye nayo hayupo.

Hakukimbilia kuitoa. Alisema aliwaza hata kuyaeleza tu yale anayoyajua, kwa njia ya mahojiano, ili wasomaji wasife na kiu. Kilichombadilisha ni vijana wa Studio Gaga, wasaidizi waliofunzwa na Miura mwenyewe, walioomba waruhusiwe kuendelea. Akakubali kwa masharti aliyojiwekea: ataandika yale tu ambayo Miura alimwambia, hatayanenepesha, na asichokikumbuka sawasawa hatakiandika. Akakiri mapema kwamba kazi haitakuwa kamili na kwamba huenda wasomaji wasiridhike.

Masharti hayo ndiyo ufunguo wa kisa hiki, na nashangaa jinsi yanavyosahauliwa katika mabishano.

Tuchukue lawama ya kwanza, ya michoro. Mtu akiweka ukurasa wa Studio Gaga pembeni ya ukurasa wa juzuu za mwisho za Miura, tofauti ipo lakini ni ndogo kuliko inavyodaiwa. Mandhari, mapepo, deraya, anga, vyote vimechorwa na mikono iliyokaa naye chumba kimoja kwa miaka. Sehemu inayolegea ni nyuso. Miura alijua kuuchora uso wa mtu mwenye hisia mbili zinazogombana, na hilo halifundishiki kwa urahisi. Guts wa sasa akiwa na hasira ana hasira tu. Akiwa na huzuni ana huzuni tu. Hata hivyo, nikiambiwa nitoe alama, wasaidizi hawa wamefanya kazi ya heshima kubwa, na wanaowatukana wanawadhulumu.

Lawama ya pili ndiyo yenye uzito: mwendo. Sura mpya zinakimbia. Mfano mzuri ni mikutano miwili ya Guts na Griffith baada ya Kupatwa. Wa kwanza, uliochorwa na Miura, uko kwenye kilima chenye panga zilizosimikwa kama makaburi ya wenzao waliokufa. Theluji inaanguka. Griffith amekuja kuona kama moyo wake utatikisika akimwona Guts, na anasema hautikisiki, yuko huru. Rickert, kijana wa Kundi la Mwewe asiyejua kilichotokea, anasimama katikati bila kuelewa kwa nini ndugu yake mkubwa anataka kumuua kiongozi wao. Guts anapiga upanga, Zodd, pepo anayemtumikia Griffith, anaingia kati, pambano linavunja hadi mgodi. Mambo yote hayo yanapewa nafasi. Msomaji anausikia ubaridi, anamwonea huruma Rickert, anaogopa.

Mkutano wa Elfhelm, ule wa mwaka 2022, ulistahili uzito huohuo au zaidi. Griffith yuko hatua chache tu kutoka kwa Guts na Casca. Guts anarusha upanga kwa nguvu zote na upanga haumgusi, kana kwamba anakata hewa. Casca anachukuliwa. Kisiwa kinaporomoka na kutoweka. Ukisimulia kwa mdomo, ni matukio makubwa kupita yale ya kilimani. Ukisoma, yanapita. Hakuna Rickert wa kusimama katikati, hakuna mazungumzo yatakayokumbukwa baada ya miaka kumi.

Wenye hasira wanasema Mori hajui kuandika. Mimi nasema hapana, Mori anatimiza ahadi. Mtu akisimuliwa hadithi na rafiki yake kwa wiki moja, miaka 30 iliyopita, atakumbuka nini? Atakumbuka nani alikwenda wapi, nani alichukuliwa, kisiwa kilitoweka vipi. Hatakumbuka theluji, kwa sababu yumkini theluji haikuwemo katika masimulizi. Ilizaliwa siku Miura alipokaa mezani na kuanza kuchora. Pumzi ya Berserk, zile kurasa zisizo na neno hata moja, kimya kati ya pigo na pigo, viliundwa kwenye karatasi wala havikupangwa kwa mazungumzo. Mori ameapa kutonenepesha, kwa hiyo anatupa mifupa. Na mifupa ndiyo tuliyoahidiwa.

Kwa hiyo msomaji anayedai sura zenye nyama zaidi anadai, bila kujua, kwamba Mori abuni. Na siku Mori akibuni, msomaji huyohuyo atasema amemsaliti Miura. Sijaona bado mlalamikaji aliyekabili mgongano huu moja kwa moja.

Lawama ya tatu inamhusu Casca, na hapa nakiri kwamba nina uchungu nayo. Tangu Kupatwa kulipochorwa katikati ya miaka ya 1990 hadi alipopona, ilipita takriban miaka 20 ya uchapishaji. Kwa miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kuongozwa kwa mkono, asiye na neno. Miura alimponya kwa safari ndefu ndani ya ndoto yake mwenyewe, sehemu mojawapo nzuri kuliko zote alizochora. Casca akarudi na kumbukumbu, na hofu, na upanga wake. Halafu, sura chache tu baadaye, ananyakuliwa na Griffith na kuwa tena mtu wa kutafutwa na kuokolewa. Wasomaji wengi, hasa wanawake, walihisi wameporwa. Nao wana haki ya kuhisi hivyo.

Jibu la watetezi ni jepesi: Miura ndiye aliyepanga hivyo, lalamika kwake. Jibu hili halinitoshi, na sababu yake imo katika historia ya Berserk yenyewe. Mwaka 1996 Miura alichapisha jaridani sura ya 83, ambamo Griffith anakutana na chanzo cha uovu wa ulimwengu ule, kitu kilichoumbwa na mawazo ya wanadamu wenyewe. Baadaye akaomba sura hiyo isiwekwe kwenye juzuu, na mpaka leo haimo, kwa kuwa aliona imefichua mambo mengi mno mapema na kuifunga hadithi. Huyu ni mtunzi aliyeweza kuvuta nyuma jambo lililokwisha chapishwa na kusomwa na maelfu. Basi jambo alilolisema kwa mdomo tu, kabla hata hajalichora, lilikuwa na uhakika kiasi gani? Mori anasema hadithi ilifuata mpango karibu kama ulivyo kwa miaka yote, na namwamini. Lakini mpango unasema Casca atachukuliwa. Hausemi atachukuliwa kwa kurasa ngapi, atapigana vipi, atamtazama Griffith kwa macho gani. Huenda katika mkono wa Miura kuchukuliwa kule kungekuwa ndiyo siku Casca anayosimama mbele ya aliyemtenda na kusema neno lake. Tukio lingekuwa lilelile na maana nyingine kabisa.

Ndiyo maana hoja ya "ndivyo alivyotaka" na hoja ya "asingefanya hivi kamwe" zote mbili hazina miguu. Tukio yawezekana ni la Miura. Utekelezaji si wake. Katika hadithi ya picha, utekelezaji ni zaidi ya nusu ya kazi.

Pwani yetu tuna sanaa inayonisaidia kuliona jambo hili. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo miwili ya mshairi aliyemtangulia, akaitangulizia mitatu yake, ukapatikana ubeti wa mishororo mitano. Maneno ya Fumo Liyongo yametufikia hivyo, yakiwa yametiwa takhmisi inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Anayeijua sanaa hiyo akisoma anajua wapi anasema wa kale na wapi anasema aliyemjibu. Wote wawili wanaheshimika, na hakuna anayebebeshwa maneno ya mwenzake. Berserk ya sasa haina alama hiyo. Sauti zote zimechanganywa kwenye fremu moja, na msomaji anaachwa akisie.

Kulikuwa na njia nyingine? Zilikuwepo. Hergé, mchoraji wa Tintin, hakutaka mtu mwingine amwendeleze mhusika wake, na alipofariki mwaka 1983 kazi yake ya mwisho ilichapishwa miaka mitatu baadaye ikiwa rasimu, mistari ya penseli na maelezo, bila kumaliziwa. Kwa upande mwingine yupo Takao Saito, aliyefariki Septemba 2021, miezi michache tu baada ya Miura. Aliacha neno kwamba Golgo 13, aliyoianza mwaka 1968, iendelee bila yeye, na inaendelea. Lakini Saito aliijenga studio yake kama karakana tangu mwanzo: huyu anaandika, huyu anachora bunduki, huyu majengo. Kuondoka kwake kuliacha pengo kubwa, ila mashine ilikuwepo. Miura hakuacha mashine. Aliacha vijana waliomsaidia, madokezo kadhaa na michoro ya wahusika, na rafiki mwenye kumbukumbu.

Njia ya rasimu, kama ya Hergé, ingekuwa safi zaidi. Hata mimi niliipendelea zamani. Kilichonitoa huko ni kufikiria wale vijana wa Studio Gaga. Wamekaa miaka wakichora nyasi na mawe ya ulimwengu huu kwa ajili ya mtu mwingine, na alipokufa, dawati lake likiwa limeachwa na ukurasa ambao haujakauka, waliomba waumalize. Sioni kwa haki gani msomaji aliye mbali, mimi au mwingine, angewaambia waweke kalamu chini. Aliyepoteza zaidi ndiye aombe kuendelea, nami nimkatalie kwa sababu ya uzuri wa mwisho nilioupenda?

Zaidi ya hapo, Miura aliwahi kusema kwamba urafiki wake wa ujanani, ukiwemo ule na Mori, ulichangia namna alivyowaumba Guts na Griffith. Marafiki wawili, ndoto moja kubwa, mmoja anatangulia. Mori anaposimamia sura ambazo Guts amekata tamaa kabisa, amekaa melini hana neno, deraya haina maana tena, kisha anaangukia mikononi mwa Wakushan, watu wa dola moja ya ulimwengu ule, na kufungwa, ni vigumu kwangu kusoma bila kuona mtu anayeomboleza. Wapo wanaosema huko kukata tamaa kunarudiwarudiwa na kunachosha. Pengine. Kwangu ndiyo sehemu pekee ya sura mpya ambayo nyuso zina uhai, ambayo hata ule mwendo wa haraka unapungua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: endeleeni, na sisi tusome, lakini tusome kama watu wanaosikiliza ushahidi. Shahidi mwaminifu hasemi kwa ufasaha wa marehemu, na hatumpimi kwa ufasaha. Tunampima kwa uaminifu. Juzuu ya 42, iliyotoka Septemba 2023 ikiwa ya kwanza kabisa bila mkono wa Miura, kwa kipimo cha sanaa iko chini ya zile 41 zilizotangulia. Kwa kipimo cha ushahidi, sijaona mahali Mori alipovunja neno lake.

Ninacho dai kimoja kwa Hakusensha na kwa Mori, na nadhani wasomaji wa pande zote wangeweza kuliunga mkono. Hadithi itakapofika mwisho, au hata kabla, watoe kitabu kimoja chenye yale madokezo na michoro aliyoiacha Miura, pamoja na maelezo ya Mori, sura kwa sura: hili aliniambia katika wiki ile, hili nililikuta kwenye karatasi zake, hili tulilazimika kuliziba sisi. Kitabu hicho kisifichwe kwenye toleo ghali la wakusanyaji. Kiuzwe kwa bei ya juzuu ya kawaida. Hapo aliyeishia kwenye sura ya 364 ataweza kusoma ya Miura peke yake, na anayewapenda Studio Gaga ataweza kuwasifu kwa kilicho chao.